Alama za Mwalimu Sabini

Wanafunzi waliniita Sabini. Si mbele yangu. Mbele yangu walisema "Shikamoo, Mwalimu" na kuweka mikono nyuma kama watoto waliolelewa wakaleleka. Lakini nikishawapa kisogo tu nilisikia, "Sabini huyo, ficheni madaftari." Jina lilitokana na jambo la kweli. Kwa miaka thelathini na mmoja niliyofundisha fizikia, kila mtu shuleni alijua kwamba hakuna anayetoka mikononi mwangu na zaidi ya sabini kwa mia. Walimu wenzangu waliniita mkono wa birika. Mwalimu wa jiografia alikuwa akisema alama zile nazitoa mfukoni mwangu, ndiyo maana zinaniuma.

Sikujali. Mwanafunzi anayeandika "tano" bila kusema ni tano za nini, kwangu hajaandika kitu. Mita tano? Sekunde tano? Mbuzi watano? Hapo alama moja inaondoka. Asiyechora mstari kwa rula, moja. Anayefuta kwa mate mpaka karatasi inatoboka, mbili. Aliyepata jibu sahihi kwa njia ya mkato, huyo namwita mezani anieleze, na akianza kujiumauma namnyang'anya na kile kidogo nilichokuwa nimempa. Niliamini kwamba alama ni kipimo kama kilo na mita, na mtu anayechezea kipimo ni mwizi, hata akikichezea kwa huruma. Kwa sehemu kubwa bado naamini hivyo, kwa hiyo asije mtu akadhani hii ni hadithi ya mzee aliyelainika.

Kisha akaja msichana tuliyemwita Kimya. Hakuwa na aibu wala hakuwa mjinga. Hakufungua tu mdomo mpaka awe na jibu, na akiwa nalo alilisema mara moja na kukaa. Baba yake ni fundi viatu, ana kibanda nyuma ya soko. Mtihani wake wa mwisho wa shule niliusahihisha mara tatu nikitafuta pa kumkamata. Mara zote tatu nilipata sabini na moja. Niliweka kalamu chini nikatoka nje kupunga hewa. Habari zilipofika ofisi ya walimu, yule wa jiografia akasema Sabini anastaafu mwaka huu, mkono umeanza kulegea.

Kusema kweli nilijisifu. Nilijiona nimempa binti wa watu zawadi ya maisha.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, Kimya alikuwa na daraja la juu kabisa. Jumatatu iliyofuata alinikuta maabara. Nilikuwa nahesabu springi na mawe ya mizani, maana nilitakiwa kukabidhi vifaa vyote kabla ya kustaafu, na kila nikihesabu springi zilipungua moja. Alikuwa na karatasi mbili zilizotafsiriwa na kuchapwa kwa Dada Skana. Huyo Dada Skana ni binti yangu wa pekee, wa miaka ishirini na saba. Ana duka la steshenari mkabala na geti la shule, na ndani ana mashine ya fotokopi, skana, na kompyuta moja ambayo nusu ya wanafunzi wetu wamejazia fomu zao za maisha.

Karatasi ya kwanza ilieleza habari za chuo kikuu cha serikali katika nchi ya mbali, ya baridi. Ada hakuna, si kwa wenyeji si kwa wageni. Mwanafunzi anapata chumba cha bei nafuu bwenini, na anaruhusiwa kufanya kazi saa chache kwa wiki ili apate chakula. Nilisoma mara mbili nikitafuta mtego, sikuuona. Mtego ulikuwa kwenye karatasi ya pili. Anayeomba uhandisi wa umeme lazima awe na alama ya fizikia ya shule, ya mwaka wa mwisho, isiyopungua sabini na tano. Mwisho wa kupokea maombi, Ijumaa.

"Wanataka sabini na tano, Mwalimu," alisema.

Nilimwambia sabini na moja ni alama kubwa. Nilimweleza kwa kirefu, nikiwa na springi mkononi, kwamba waliopita hapa kabla yake ni mamia, kuna madaktari na marubani, na hakuna aliyeandikiwa alama hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza kila kitu.

"Ni kubwa hapa," alisema. "Kule ni sabini na moja tu."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kitu sahihi kwa maneno machache, jambo ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia aende, nitafikiri. Hakuhitaji kunieleza kilichokuwa hatarini. Chuo cha kulipia, kwa baba yake, ilikuwa sawa na kuambiwa anunue ndege. Hiki cha bure ndicho kilichokuwa chuo pekee. Kikimpita, mwezi ujao angekaa kwenye kigoda kibandani na kushika sindano ya kushonea soli, na hapo ndipo hesabu zake zote zingeishia. Kabla hajatoka alizipanga springi kwenye boksi lake, akaniambia zimetimia, moja ilikuwa imenasa ndani ya nyingine.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa shule. Mkuu huyu nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilimpa hamsini na nane, na nadhani mpaka leo hajanisamehe, ingawa ananiita Mzee na kunivutia kiti. Alisikiliza huku akiuzungusha muhuri mezani, kisha akasema jambo lenyewe halina uzito wowote. Karatasi ya alama inatoka ofisini kwake, muhuri ni wake, kalamu ni yangu. Hata kumi tusiongeze, tano zinatosha.

Nilimwambia sifanyi hivyo.

"Mzee, shule ya jirani wanagawa tisini kama pipi," alisema. "Watoto wao wanapanda ndege. Wetu wanabaki hapa na heshima yako."

Neno hilo liliniingia. Lakini nilimjibu kwamba nikiandika sabini na sita leo, basi ile sabini na moja ilikuwa uongo, na kama ilikuwa uongo, zote za miaka thelathini na mmoja ni uongo, pamoja na hamsini na nane yake. Hapo alicheka kidogo, akashusha pumzi. Akasema nitafute njia nyingine kabla ya Ijumaa, na chochote nitakachokileta, mradi ni cha kweli, yeye atakigonga muhuri bila kuuliza.

Kutoka pale nilivuka barabara mpaka dukani kwa binti yangu. Duka ni dogo. Watu watatu wakiingia, wa nne anasubiri nje. Kuna benchi la wateja, kabati la kioo lenye kalamu na bahasha, na joto la mashine ya fotokopi ambalo unalisikia kwenye magoti. Alikuwa anamlamineshia mama mmoja cheti cha mtoto. Nilingoja zamu yangu. Mama alipoondoka nilianza kulalamika, na binti yangu aliniacha nilalamike mpaka nikaishiwa.

"Baba, wao hawakujui," alisema. "Wanaona namba tu. Hawajui imeandikwa na nani."

Ndipo akanieleza. Kwenye fomu kuna mahali pa maelezo ya mwalimu, na watu wengi hupaacha wazi au huandika kwamba mtoto ana adabu. Mimi niandike barua. Nisiwaombe chochote, niwaonyeshe tu kipimo changu: mwaka baada ya mwaka, darasa lilikuwa na wanafunzi wangapi, alama ya juu ilikuwa ipi, na yule wa juu alipata nini kwenye mtihani wa taifa. Wakiona watu wangu wa sitini na tano wanatoka na daraja la juu kila mwaka, wataelewa wenyewe sabini na moja yangu ina uzito gani. Niandike kwa Kiswahili, yeye ataitafsiri kwa lugha ya kule, aliyojifunza mwenyewe kwenye kompyuta ile.

Nilimuuliza amejuaje yote hayo. Alisema amejaza fomu nyingi. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, anapakia karatasi kwenye mashine.

Sikumbuki kama nimewahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia ile, angalau mwanzoni. Jumatano sikuwa na kipindi baada ya saa nne. Nyumbani nililitoa sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake yalikuwamo madaftari yangu yote ya alama, thelathini na moja, kila moja na mwaka wake juu ya jalada. Mke wangu aliniletea chai akaniuliza kama natafuta mchumba wa zamani. Nilimwambia natafuta wa juu. Nilichora jedwali kwa rula na kuanza na mwaka wa kwanza. Wanafunzi arobaini na wawili, wa juu sitini na tatu, taifa daraja la juu. Mwaka wa pili, thelathini na wanane, wa juu sitini na tano. Mikono yangu ilinuka vumbi. Nilikuwa nakutana na majina ya watu ambao sasa wana vipara.

Nilipofika mwaka wa ishirini na mbili niliweka kalamu chini.

Si kweli kwamba nilikuwa nimesahau. Mtu hasahau kitu kama kile. Anakiweka tu mahali asipopita. Mwaka ule binti yangu alikuwa darasani kwangu. Kwenye mstari wake kulikuwa na sabini na mbili, iliyokatwa kwa wino mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa siku zote, sitini na sita.

Nilikumbuka mchana ule wote. Nilisahihisha karatasi yake, nikajumlisha, nikajumlisha tena. Sabini na mbili. Kisha nikaanza kuzisikia sauti za ofisi ya walimu kabla hata hawajafungua midomo: kumbe Sabini anao wa kuwapa, kumbe mkono wa birika unafunguka nyumbani. Nikairudia karatasi nikitafuta makosa. Nilipata mstari mmoja uliochorwa bila rula, nikatoa alama moja, hiyo ilikuwa halali. Nyingine tano nilizitoa bila sababu yoyote ninayoweza kuieleza mezani. Nilifika sitini na sita kwa sababu mtoto wa mwalimu wa kemia alikuwa na sitini na saba, na nilitaka mtu mwingine awe wa kwanza. Watu walinisifu. Walisema kweli mzee yule hana upendeleo, hata damu yake haioni. Sifa ile niliila kwa muda mrefu.

Baadaye mwaka ule binti yangu alisema ameomba chuo fulani nje, kisha siku moja akasema ameghairi. Sikumuuliza sana. Kusema kweli nilifurahi. Mtoto mmoja, na amebaki karibu. Alisoma kozi ya kompyuta mwaka mmoja, akafanya kazi kwa watu, kisha akafungua duka.

Sasa nilikuwa na tatizo, na nataka lieleweke vizuri. Nikiandika kwenye jedwali kwamba alama ya juu ya mwaka ule ni sitini na saba, kama daftari linavyosema, barua yangu inakaa sawa: Kimya ndiye wa juu kuliko wote kwa miaka thelathini na mmoja, na kipimo changu hakijawahi kuguswa. Nikiandika ukweli, Kimya anakuwa wa pili kufika sabini na moja, na wasomaji wa kule wanajua kwamba mwalimu anayejitetea kwa kipimo chake alikipinda mwenyewe kwa mkono wake. Nani atamwamini tena? Na atakayelipa si mimi. Mimi nina pensheni yangu na kiti changu. Atakayelipa ni mtoto wa fundi viatu.

Lakini jana yake tu nilikuwa nimemnyima mkuu wa shule alama tano za uongo, tena kwa hotuba. Leo nilikuwa tayari kupeleka tano zangu nchi za watu, zikiwa na muhuri juu.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kibandani. Fundi alikuwa ameshika kiatu katikati ya magoti. Alitaka kuinuka, nikamzuia. Nilimwomba Kimya tusogee pembeni na nikamwambia yote, kwa sababu nafasi ilikuwa yake, si yangu. Nilimwambia nikiandika ukweli naweza kumharibia.

"Huyo wa sabini na mbili ni nani?" aliuliza.

Nilimwambia.

"Dada Skana ndiye aliyekitafuta hiki chuo," alisema. "Alinijazia fomu yote, na alikuwa anajua kila kisanduku kabla hatujakifikia." Akapangusa vumbi kwenye benchi. "Mwandike, Mwalimu."

Nilimwandika. Niliandika pale pale kwenye benchi la kibanda, nikapita nyumbani kulichukua jedwali, na saa sita nilikuwa dukani kwa binti yangu. Nilimpa karatasi zangu nne nikakaa kwenye benchi la wateja kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Alianza kuchapa. Anachapa upesi, hatazami vidole. Akaja mvulana wa kununua bahasha, akamhudumia, akarudi. Ukurasa wa kwanza ukaisha, akaingia wa pili. Nilijua mahali penyewe palipo, ni katikati ya ukurasa wa tatu, na nilikuwa nasikiliza vidole. Vilipofika pale vilinyamaza.

Nilikuwa nimeandika hivi: "Mwaka wa ishirini na mbili mwanafunzi mmoja alipata sabini na mbili, yaani sabini na moja baada ya kosa moja la rula, na hakuna aliyewahi kuizidi. Haionekani kwenye kumbukumbu za shule kwa sababu nilimwondolea alama sita. Moja ilikuwa halali. Tano nilimnyang'anya kwa kuwa ni binti yangu na niliogopa maneno ya watu. Alama nyingine zote katika jedwali hili ni vipimo. Ile sitini na sita haikuwa kipimo, ilikuwa woga. Nalieleza hili ili mjue kwamba mwombaji wenu si wa kwanza kufika hapo bali wa pili, na kwamba aliyemtangulia alistahili zaidi ya alichopewa."

Binti yangu alisoma, akarudia kusoma. Hakugeuka.

"Walitaka sabini," alisema.

"Nani?"

"Chuo. Chuo hiki hiki, Baba. Mwaka wangu walikuwa wanataka sabini."

Nilihesabu bila kutaka, kama ninavyohesabu kila kitu. Nikiitoa ile moja ya rula, sabini na moja. Angepita na moja ya ziada.

"Ulisema umeghairi," nilimwambia.

"Ningesemaje? Walinijibu fizikia haitoshi. Ungeniambia alama ni alama." Aliongea taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza, hasira ningeijibu. "Sikukulaumu. Nilijua wewe hupendelei mtu wala huonei mtu. Kwa hiyo nikajua ndicho kiwango changu. Miaka tisa mimi nimejiona ni sitini na sita."

Nimewahi kuwaliza watoto wengi kwa kalamu nyekundu, na siku zote niliona machozi yao yatakauka kwenye mapumziko. Pale kwenye benchi nililia mimi, mtu mzima, mlango ukiwa wazi, na sikujifuta. Nilimwambia, "Nisamehe, mwanangu." Sikuongeza neno, maana kila neno la kuongeza lilikuwa la kujitetea.

Kisha akaniambia jambo ambalo mtu mwingine asingelisema. Alisema aya ile naweza kuiondoa, hakuna atakayejua, na huenda bila hiyo Kimya akapita kwa urahisi zaidi.

"Unataka ibaki?" aliuliza.

"Ibaki," nilimwambia.

"Una uhakika?"

"Kimya mwenyewe amesema ibaki."

Alirudi kwenye kompyuta. Aya ile aliitafsiri polepole kuliko nyingine zote. Mara mbili alifuta na kuanza upya, akitafuta neno la "woga" ambalo lingenitosha mimi bila kunizidi. Mkuu wa shule aligonga muhuri kama alivyoahidi. Alisoma ukurasa wa tatu wa Kiswahili akiwa amesimama, akaniangalia, akagonga. Ijumaa asubuhi barua ilikuwa imeondoka.

Wiki tano tulikaa hatujui kitu. Nilikabidhi maabara, springi zikiwa kamili. Kila siku mchana nilivuka barabara na kukaa kwenye benchi la duka, na kwa kuwa sikuwa na kazi nilijifunza kutumia mashine ya fotokopi. Hatukuzungumza tena juu ya ile aya. Tulizungumza juu ya wino na karatasi, na mara moja aliniuliza swali la fizikia kuhusu kwa nini karatasi zinagandana zikitoka kwenye mashine, nikamweleza, naye akauliza swali la pili ambalo lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Kimya alikuwa ameanza kukaa kwenye kigoda kwa baba yake. Aliambiwa anashona vizuri.

Siku ya jibu binti yangu alinipigia simu, akamtuma mtu amwite Kimya, na Kimya akaja na baba yake, ambaye mikono yake bado ilikuwa na gundi. Tulijaa duka zima. Binti yangu alisoma akitafsiri, neno kwa neno. Kamati ilikuwa imeijadili barua ya mwalimu kwa muda mrefu. Si kawaida yao kubadili kiwango. Lakini wameona kwamba mwalimu anayetoa taarifa ya kosa lake mwenyewe bila kuulizwa, jedwali lake linaweza kuaminika, na kwa hiyo alama ya mwombaji wameisoma kwa kipimo cha mwalimu wake. Mwombaji amekubaliwa, uhandisi wa umeme, masomo yanaanza baada ya miezi miwili.

Kimya alisema "Asante" kwa kila mmoja wetu, mmoja mmoja. Baba yake aliuliza baridi ya kule ni ya kiasi gani. Alipoambiwa, alifikiri kidogo akasema basi soli lazima iwe na tabaka mbili na manyoya ndani, na kwamba ataanza leo. Waliondoka wameshikana mikono, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwao.

Tulipobaki wawili, binti yangu hakuifunga ile barua pepe.

"Kuna mstari mwingine chini," alisema. "Sikuusoma mbele yao. Umeandikwa na mama wa ofisi ya udahili, nadhani si wa kamati. Ni wako."

"Soma."

"Anasema: Mwalimu, samahani kwa kuuliza lisilonihusu. Yule binti wa sabini na mbili alikwenda kusoma wapi?"

Mteja alichungulia mlangoni akitaka kutoa kopi. Binti yangu alimwomba asubiri. Nilitazama mikono yangu. Nilimwambia amjibu huyo mama kwamba binti yule hakwenda popote, na kwamba sababu ni mimi, aandike hivyo hivyo na jina langu chini. Alianza kuchapa. Alichapa maneno machache kuliko niliyoyasema, akabonyeza, na barua ikaenda kabla sijasogea kuona, na hata ningeona nisingeielewa lugha yenyewe.

Nilimuuliza ameandika nini.

"Nimemwambia bado sijaenda," alisema. "Na nimemuuliza kama miaka ishirini na saba ina neno."